Aliyetoka Tundu la Pili

Uliiona ile picha. Usijifanye hukuiona. Ilikuja kwenye simu yako kati ya mtoto anayecheza na mtu anayeuza viatu: ukuta wa udongo, ufa umeushuka kama mshono uliofumuka, na mwanamke ametia mkono ndani ya ufa hadi kiwiko ili upate kujua kipimo. Kidole chako kikasukuma. Ukaenda kwenye viatu. Basi leo soma hadi mwisho, maana yule mwanamke ana jina, anaitwa Hetune Bafinu, na alikofikia ni ghorofa ya pili ya ofisi ya Kampuni ya mgodi mjini Lae, Alhamisi moja saa tatu na dakika kumi asubuhi, pale mkwewe alipochomoa kadi.

Mkwe huyo ni Gedisa Awong, fundi wa mitandao, mtu mpole, anayetembea na bisibisi zake mwenyewe na hamwazimi mtu. Kazi iliyomleta ilikuwa ndogo. Sanduku la kulinda mtandao wa Kampuni, lile linalokaa kati ya kompyuta za ndani na dunia ya nje na kuamua nani apite na nani asipite, lina kadi mbili. Ya kwanza inahudumia mgodi, na Brisbane, ng'ambo, waliko wakubwa. Ya pili inapokea kila kinachotoka kwa watu wa nje. Hii ya pili ilikuwa ikichemka tangu Februari, na feni zilipiga kelele hadi chumba cha jirani wakawa wanafunga mlango. Kadi mpya ilikuwa imefika kwa meli, imelazwa kwenye sponji ndani ya boksi, safi kama kijiko cha wageni.

Gedisa alifuata utaratibu. Alivaa bangili ya waya inayoondoa umeme wa mwilini, akaibana kwenye chuma cha kabati. Alizima sanduku, akachomoa nyaya zote mbili za umeme, akasubiri taa ya mwisho ife. Akalegeza skrubu mbili za pembeni, akavuta vishikio viwili kwa pamoja, maana ukitangulia kuvuta kimoja kadi inakaa upande na kuvunjika meno. Kadi ikatoka. Ilikuwa imelowa chapachapa.

Nje mvua ya Lae ilikuwa inapiga. Akatazama dari. Dari ilikuwa kavu. Akaiweka kadi juu ya mkeka wake wa mpira, akainama kuchungulia tundu ilimotoka. Maji yalikuwa yanatoka humo, ya kahawia, baridi, yenye harufu ya sarafu iliyokaa mdomoni. Yalifuatwa na majani ya mwanzi, kisha samaki kumi na mmoja waliokufa, macho meupe. Gedisa aliyajua maji hayo. Ni ya mto Kuambang, tangu mwaka ule Kampuni ilipojenga bwawa la tope sumu juu ya kijiji cha Zafirang, ikagawa kofia za plastiki kwa watoto, na kuahidi zahanati ambayo mpaka leo ni nguzo nne na bati moja.

Tobias Kuk, mlinzi wa ghorofa, mtu wa milimani, alikuja na dekio.

"Kaka, umepasua bomba?"

"Hapana. Ni tundu la pili."

"Aa. Basi niletee ndoo mbili," Tobias akamwambia mfagizi, akaanza kudeki.

Lile tundu lina upana wa shubiri moja na kimo cha vidole viwili. Ulitoka mkono kwanza, halafu bilum, ule mfuko wa kusuka ambao wanawake wa huko hubeba kwa kuuning'iniza kichwani, halafu kichwa chenyewe, mabega, na miguu mwishoni. Hetune Bafinu alisimama sakafuni, akakamua sketi yake, akatafuta kiti. Gedisa aligeuka haraka akatazama ukuta. Kwa watu wa mkewe, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hatamki jina lake, wala haliandiki. Tangu amwoe Damaris, miaka kumi na miwili, Gedisa hakuwahi kukosea hata mara moja, na alisifiwa kwa hilo.

Tobias alifungua daftari la wageni. "Mgeni wa nani huyu?"

"Wangu," alisema Gedisa akiwa ameupa uso ukuta.

"Jina?"

"Ni mama mkwe."

"Sikuuliza cheo, nimeuliza jina. Au niandike Bibi Maji? Kwetu sisi mkwe tunamwogopa akishika shoka tu."

"Andika Hetune Bafinu, wa Zafirang," alisema mwanamke mwenyewe. "Na wewe kijana wa milimani, popoo unayotafuna inakutoka mdomoni. Meza kwanza ndipo udeki."

Tobias akameza. Akampa kitambulisho cha plastiki cha kuning'iniza shingoni, namba saba, mwisho saa kumi jioni.

Hetune alieleza alikotoka, bila haraka, huku akichambua majani kwenye nywele. Yeye ndiye mwenye simu nzuri kijijini. Kila wiki alipanda kilima mpaka mtandao ushike, akapiga picha ya ufa kwenye ukuta wa bwawa, akaituma kwenye anwani ambayo Kampuni yenyewe iliichora kwenye ubao mkubwa barabarani: TUELEZENI SHIDA ZENU. Ufa ulianza kama ukucha. Mwaka wa pili ukaingia ngumi. Hakuna aliyejibu.

"Nanyi mkakaa tu, Mama?" aliuliza Gedisa.

"Tukakaa. Mtu mzima akipewa neno zito, anajibu palepale? Anajibu mtoto. Mkubwa ananyamaza, anashauriana na wenzake. Tulisema, hawa ukimya wao mrefu, lazima shauri lao ni kubwa. Wazee wakazuia watu wasiende getini kupiga kelele, wasije wakawavuruga mawazo."

Tobias aliacha kudeki kidogo, kisha akaendelea.

"Ujumbe wa mia na nane nikausindikiza mwenyewe," alisema Hetune. "Nikasema barua labda hazijui njia. Tukafika pamoja mpaka mlangoni pa sanduku hili. Tukatupwa pamoja."

Alikaa humo miaka miwili na miezi. Hakuwa peke yake. Zilikuwemo jumbe zote, na za vijiji vingine vitatu, zimebanana kama magunia. Zilizomfuata, zilizotumwa na mdogo wake, alizisoma kila zilipoangukia. Damaris, binti yake, alikuwa amepiga simu nyumbani wee mpaka akachoka, akaamua kwamba mama amenuna.

Sasa sikiliza jambo ambalo Gedisa hakulisema, ingawa ulimi ulikuwa mdomoni mwake. Sanduku halina chuki. Sanduku linafuata mstari lilioandikiwa. Miaka minne kabla, meneja wa ofisi, Brendan Hockley, alimwita akamwambia jumbe za watu wa mto zinajaza. Gedisa akauliza, azirudishe kwa watumaji? Hockley akasema hapana. Ukimrudishia mtu, anajua amekataliwa. Aliyejua amekataliwa anakwenda kwa waandishi wa habari. Zitupe kimya, atasubiri. Gedisa aliandika mstari huo kwa robo saa. Kisha akaenda kula wali na samaki wa kopo, akala akashiba.

"Mkwe," alisema Hetune. "Nilipoondoka ufa ulikuwa unameza mkono. Mdogo wangu ameandika mwezi uliopita kwamba sasa nguruwe anapita. Chini ya ukuta kuna nyumba sitini na nne. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuamuru bwawa lipunguzwe na watu wahamishwe, mhandisi mkuu, huko Brisbane. Nataka ujumbe mmoja umfikie. Mmoja. Unaweza?"

Aliweza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sanduku lina orodha ya wanaoruhusiwa kupita. Unaandika jina la mtumaji, unabonyeza, basi.

"Nitalazimika kuliandika jina lako, Mama," alisema Gedisa, na sauti yake ilikuwa na nafuu ndani yake, nafuu ya mtu aliyeupata mlango wa nyuma. "Unajua siwezi."

Hetune alicheka mpaka kitambulisho kikaruka kifuani. "Ndiyo hiyo tu?"

Akatia mkono ndani ya bilum, akatoa kipande cha jimbi, kile kiazi kikubwa, la kuchoma, baridi, limelowa, limekaa humo muda wote huo. Akalikata vipande viwili. Kwao mwiko wa mkwe hufunguliwa hivyo: mama anampa chakula mkononi mwake, wanakula pamoja, shahidi akiwepo.

"Wewe wa milimani, unaona?"

"Ninaona, Mama," alisema Tobias, ameegemea dekio.

"Geuka, mkwe. Kula."

Gedisa akageuka. Kwa mara ya kwanza akauona uso wa mama wa mkewe. Ulikuwa uso wa Damaris uliopigwa na jua zaidi. Wakala wote wawili. Jimbi lilikuwa na ladha ya sarafu.

"Haya. Niite."

"Hetune Bafinu," alisema Gedisa.

"Umekufa?"

"Hapana."

"Basi andika."

Alivuta kompyuta yake ya mapajani. Alikuwa amekwisha kuandika herufi tatu Hockley alipoingia, akaruka samaki mmoja, wa pili akamkanyaga.

"Gedisa, dakika arobaini tuko nje ya mtandao. Brisbane wananipigia. Kadi iko wapi?" Akamwona mwanamke. Akasoma kitambulisho chake, akaridhika kwamba kilikuwa halali. "Habari za asubuhi, mama. Kama una shida, kuna anwani ya malalamiko."

"Ninatoka huko," alisema Hetune.

Hockley aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua inanyesha. Akasimama nyuma ya Gedisa, mikono mfukoni, akatazama kioo chenye herufi tatu. Hakufoka. Hakutisha. Alisema tu, "Unajua utaratibu," kisha akauliza kama watoto wameipenda nyumba mpya, ile ya Kampuni, yenye tangi lake la maji.

"Wameipenda, bosi."

"Safi."

Gedisa alifuta herufi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Akaitoa kadi mpya kwenye sponji. Akailinganisha na reli za tundu, akaisukuma kwa vidole gumba viwili, polepole, mpaka ikakaa kwa mlio mdogo. Akakaza skrubu. Akarudisha umeme. Taa ikawaka ya machungwa, ikafikiri, ikawa ya kijani. Kadi mpya ina kasi mara nne ya ile ya zamani. Ile ilikuwa angalau inauchelewesha ujumbe kidogo kabla ya kuutupa. Hii haiuoni hata rangi.

"Nitaliangalia hilo jambo, Hetune," alisema.

"Miaka minne," alisema Hetune, "na hilo ndilo jibu langu la kwanza. Asante." Akarudisha jimbi lililobaki ndani ya bilum, akafunga.

Hakuondoka. Barabara ya Zafirang imekatika kwa mvua, na tundu limezibwa. Yupo pale kwenye kiti, kati ya kabati na dirisha. Kila asubuhi Tobias anampa kitambulisho kipya na kumwandika daftarini, jina lote. Mfagizi amezoea kuzunguka miguu yake. Maji bado yanapenya pembeni mwa kadi, membamba, hayakomi. Hockley ameagiza kabati liinuliwe juu ya matofali, na fomu ya matofali ilipitishwa siku hiyohiyo. Ofisi nzima haijawahi kuona fomu ikienda mbio namna ile.

Damaris anakuja kila mchana na chakula. Anakaa miguuni pa mama yake wanazungumza. Mumewe akipita anamsogezea miguu apite, hamwambii neno. Na Gedisa, ambaye miaka kumi na miwili hakuthubutu, sasa analitaja jina la mkwewe kama anavyotaja siku za wiki. Hetune, umekula? Hetune, feni hazikusumbui? Wafanyakazi wanasema jinsi wanavyopatana. Hajaliandika.

Jumatatu hii mdogo wake Hetune alituma picha nyingine. Kwenye ufa amesimama ng'ombe wa misheni, mzima, na pembe zake. Ilitupwa kabla kidole chake hakijatoka kwenye simu.

Ukuta bado umesimama wewe unapofika kwenye mstari huu. Kwa hiyo usiandike. Usimtumie mtu picha, usiweke alama ya moyo, usitie sahihi kwenye karatasi ya mtandaoni. Yote hayo yanajulikana yanakoangukia. Geti la ofisi linafunguliwa saa mbili kamili, na umati wenye miguu hauingii kwenye tundu la vidole viwili. Vaa viatu. Gonga kwa jirani, mwambie naye avae. Nendeni mkasimame getini mpaka mtu wa Brisbane asikie kelele kwa masikio yake. Si kesho. Inuka.