Kimashine cha Kurudi Nacho Nyumbani

Mchagua jembe si mkulima, walisema wa kale, na hao hawakumwona Gervas akichagua kimashine. Wangeongeza neno.

Kimashine chenyewe ni kidogo, unakishika kama kalamu nene. Kinazungusha kichwa kwa kasi, na vichwa vyake hubadilishwa: hiki cha kukata, hiki cha msasa, hiki cha kutoa kutu. Gervas alikitaka kwa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa boti yake ndogo ya faiba, iliyolala chini ya turubai kando ya nyumba yao ya kupanga huko Gaithersburg, ikingoja siku ya kupakiwa kwenye kontena kwenda Bukoba. Maji ya Marekani haikuwahi kuyagusa, ukiacha ya mvua. Kazi ya pili ilikuwa mlango wa bafu.

Na huo mlango ndio uliokuwa na haraka, maana ulikuwa haufungi. Ulimi wa kitasa uligonga kibati cha kwenye fremu badala ya kuingia tunduni. Kibati kilitaka kuliwa kidogo tu, basi. Miaka yote Gervas na mkewe Adela waliishi nao hivyo hivyo, mtu na mumewe, nani amwonee haya nani? Lakini sasa mama mzazi wa Adela alikuwa anakuja kuwatembelea, na bafu lilikuwa moja. Mama mkwe jamani! Enzi za uchumba Gervas akimwona mama huyu kwa mbali alikuwa anaingia migombani kumpisha njia, leo achangie naye bafu lisilofungwa.

"Baba Koku," Adela alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa chuoni, "nunua tupa ya mkono. Huo mlango hautaki zaidi ya tupa."

"Na boti je? Mtu ananunua kitu mara moja, Mama Koku, ananunua cha maana."

Basi akaanza kuchagua. Kazini, kwenye maabara, saa ya chakula ilimkuta kwenye kompyuta akisoma maoni ya watu wa Ohio asiowajua hata kwa sura, wakigombana juu ya kuchonga bata wa mbao. Madukani alivishika vimashine kimoja kimoja, akavipima uzito, akavirudisha. Usiku akimpigia rafiki yake Ombeni, dereva wa teksi wa Silver Spring, mazungumzo yalikuwa hayo hayo, mpaka Ombeni akachoka.

"Kaka, wewe hununui kimashine," akamwambia. "Wewe unaposa."

Mwishoni vikabaki viwili, vimefanana kila kitu isipokuwa umeme. Kimoja cha umeme wa hapa, volti mia moja na ishirini; kingine cha volti mia mbili na ishirini, kutoka duka linalowauzia watu wanaorejea makwao. Hapo Gervas hakusita hata kidogo, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na sheria yake: hakinunuliwi kitu cha maana ambacho hakitafanya kazi nyumbani Bukoba. Chini, kwenye stoo, yalijaa maboksi ambayo hayajafunguliwa, jokofu, pasi, mashine ya kufulia, vyote vya umeme wa nyumbani. Tangu ateremke kwenye ndege Gervas alikuwa anarudi mwakani.

Siku moja kabla mgeni hajatua, akakichomeka. Kikazunguka kivivu, kama mtu anayekoroga uji asioutaka. Alipokigusisha kwenye kibati kikasimama kabisa.

Adela alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Kiache," akasema. "Nacho kinasubiri kurudi nyumbani."

Ombeni alipopigiwa simu alisema transfoma zipo, za kupandisha umeme, asihangaike. Gervas akashukuru sana, akaanza kuchagua transfoma.

Mama akafika, mlango uko vile vile. Aliegemeza ndoo nyuma ya mlango, na muda wote aliokuwa bafuni aliimba nyimbo za kanisani kwa Kihaya, kwa sauti ya kwaya nzima, ili kila mwenye masikio ajue pana mtu. Gervas aliusikia wimbo wa kwanza akiwa kwenye korido, akageuka na taulo lake begani, akaingia kwenye gari. Kuanzia siku hiyo akawa anaoga kwa Ombeni, na foleni ya barabara ya 270 asubuhi kila mtu anaijua.

Mama akawa anawasimulia ndugu kwenye simu: "Mkwe ninaye mimi. Ananiachia nyumba tangu alfajiri, kwa heshima tu." Akafurahi hivyo hivyo mpaka akaongeza mwezi.

Alipokuwa anafunga mizigo ya kuondoka akayaona maboksi ya kwenye stoo, akauliza ni ya nani.

"Yetu, mama," Gervas akajibu, macho chini. "Tunarudi nayo."

"Lini?"

"Mwakani."

Mama akatazama boti kupitia dirishani, akamtazama tena mkwewe. "Basi mimi nitangulie na hata kimoja," akasema. Gervas akampa kile kimashine, kwa mikono miwili.

Haukupita muda mrefu mama akapiga simu kutoka Bukoba. "Mkwe wangu, kimashine ni dawa. Fundi amerekebisha milango yangu yote. Hata ule wa chumba chenu, kile nilichowajengea, sasa unafunga vizuri. Kila Jumapili naufungua kiingie hewa, halafu naufunga." Akamsalimia Adela, akaaga. Safari hii hakuuliza lini.

Hilo la kutoulizwa lilimuuma Gervas kuliko maswali yote aliyowahi kuulizwa. Kesho yake akaingia duka la karibu, akachukua kimashine cha kwanza alichokikuta, cha umeme wa hapa, hakukipima uzito wala hakusoma maoni ya mtu. Chai aliyoimimina aliporudi ilikuwa bado ya moto kibati kilipokwisha kukatwa. Akaingia bafuni, akafunga mlango, ulimi ukaingia tunduni. Akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, kimashine kisichoweza kurudi Bukoba kikiwa mapajani.

Adela akaja akausukuma mlango kwa mazoea. Haukufunguka.

"Baba Koku?"

"Kuna mtu," Gervas akajibu.