Rili Aliyoichagua Paka

Ndugu Ezell Crumpton alikuwa mtu wa haraka. Katika kanisa la Mlima Nebo, alikokuwa shemasi, mchungaji alishazoea kusikia "Amina!" ya Ezell ikitoka huku sala yenyewe ikiwa imebakiza sentensi nzima. Nyumbani, chakula kilikuwa bado jikoni naye ameshajifunga kitambaa shingoni. Haya yote watu walimvumilia. Ziwani ndiko haraka yake ilikoleta matata.

Wanaume wa sehemu ile ya Alabama huvua kwa chura. Chura mwenyewe ni wa mpira, na ndoana zake mbili zimelala mgongoni ili zisinase majani. Unamrusha juu ya mayungiyungi, pale yalipoziba maji kama mkeka, kisha unamtembeza kwa kumtikisa kidogo kidogo. Chini ya majani anangoja besi, samaki mwenye mdomo unaoweza kumeza ngumi. Akimtamani chura, anapasua majani na kumrukia kwa kishindo kama mlango uliopigwa na upepo. Na hapo ndipo mvuvi anapotakiwa asifanye kitu. Atulie mpaka ausikie uzito wa samaki kwenye mshipi, ndipo avute kwa nguvu zake zote. Ezell alikuwa akisikia kishindo tu, anavuta.

Jumamosi moja alivuta hivyo, chura akachomoka mdomoni mwa samaki, akapaa, akampiga Hosea Pettway usoni. Miwani ya Hosea ikatumbukia na kuzama.

Hosea ndiye mwenye boti. Yeye na Ezell walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha karatasi mpaka wakastaafu pamoja, na kila Jumamosi Hosea aliketi mbele, Ezell kiti cha nyuma. Siku ile Hosea alimgeukia akiwa amekunja macho, maana alikuwa haoni vizuri.

"Ezell, nakupenda kama ndugu yangu wa tumbo moja."

"Na mimi nakupenda, Hosea."

"Nyamaza, sijamaliza! Unaona? Hata maneno huwezi kuyangoja." Akajifuta matone usoni. "Mkwe wangu Marcellus ananiomba hicho kiti tangu Pasaka. Jumamosi ijayo nakupa nafasi ya mwisho. Ukimnyang'anya samaki chura wake tena, kiti ni cha Marcellus."

"Marcellus! Yule anayevaa glavu kushika minyoo?"

"Anavaa glavu, lakini hajawahi kunipiga chura."

"Kosa si langu, ni la hii rili," alisema Ezell, akiipiga kofi ile mashine ndogo ya kukunjia mshipi kwenye fimbo yake ya kuvulia. "Imezeeka. Inateleza."

"Rili? Si nilikuambia useme Baba Yetu kimoyomoyo kabla hujavuta?"

"Nilisema."

"Yote?"

Ezell akatazama majani. "Nilifika 'uliye mbinguni.'"

Wiki hiyo aliomba kwa bidii. Kuamka Jumamosi bila mahali pa kwenda, na kumwona Marcellus akipita barabarani ndani ya gari la Hosea na glavu zake, lilikuwa jambo asiloweza hata kulifikiria. Mkewe Verdine, akikanda unga wa biskuti, alimsikia chumbani: "Bwana, nionyeshe rili."

"Mume wangu," alimwita, "Mungu unamwomba mashine? Omba subira!"

"Subira itachelewa, Verdine. Jumamosi iko karibu."

Duka la Mama Wynona lilikuwa njia panda, likiuza chambo, barafu na karanga za kuchemsha. Maboksi ya rili yalipangwa mezani karibu na dirisha, na kwenye kaunta pembeni Linwood, mzee wa gari la mikate, alikuwa akila karanga kama kila siku.

"Nataka rili ya chura," alisema Ezell. "Ya majani mazito. Leo hii."

"Basi chukua yenye mwendo," alisema Mama Wynona. "Ukizungusha mara moja, imekunja mshipi mrefu. Besi ukimnasa mle ndani inabidi umtoe kabla hajajizungushia magugu. Na breki yake iwe ya kukaza mpaka mwisho, isiachie hata uzi."

"Mwendo wa nini?" aliingilia Linwood, maganda yakimtoka mdomoni. "Nguvu, bibi wewe, nguvu! Hiyo ya mwendo, ikipata samaki na furushi la majani, utazungusha mpaka bega litoke. Mwambie achukue ya polepole."

"Ya polepole ni ya kuvulia maji matupu!"

"Wewe ulivua lini? Unauza minyoo tu!"

"Na wewe unakula karanga zangu tu!"

Ezell alitazama huku, akatazama kule, jasho likamtoka. Akafumba macho katikati ya duka. Bwana, alisema moyoni, hawa wanajua mengi kuliko ninavyoweza kusikiliza. Nipe ishara.

Alipofumbua, paka wa Mama Wynona, dume kubwa la rangi ya chungwa aliyeitwa Jaji, alikuwa amepanda mezani. Jaji hakuwa paka wa kujali mambo ya watu. Alitembea juu ya maboksi, akanusa hili, akalipuuza lile, kisha akajizungusha na kujilaza juu ya moja kwa uzito wake wote.

"Hiyo!" alisema Ezell.

"Ndugu Ezell, huyo amelala."

"Amelala juu ya hiyo. Kwa nini hakulala juu ya nyingine?"

"Hiyo ndiyo iliyopigwa na jua," alisema Linwood.

Mama Wynona alimwinua paka, akasoma ubavu wa boksi. "Ni ya mwendo, na breki ni nzuri. Lakini ngoja kwanza nikuambie, hii ni ya..."

"Amina!" alisema Ezell. "Niwekee mshipi."

Mama Wynona akamtazama kidogo, akashusha pumzi, akamwekea mshipi mnene wa kusokotwa. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao ambacho kila mvuvi wa pale alikijua: rili ikishawekwa mshipi hairudi dukani.

Ezell aliifunga kwenye fimbo uani kwake. Akafanya kama anarusha kwa mkono wa kulia, akaihamishia fimbo kushoto kama alivyofundishwa na baba yake, kama walivyofanya wanaume wote aliowajua, kisha mkono wa kulia ukaenda kuzungusha. Ukashika hewa. Akaitazama rili. Mkono wake, kile kishikio cha kuzungushia, ulikuwa upande wa kushoto. Akaigeuza fimbo juu chini. Sasa mkono ulikuwa kulia, lakini rili ilining'inia kama popo.

Verdine alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Alicheka mpaka akakikalia kile kikapu.

"Mrudishie Wynona, baba."

"Imeshawekwa mshipi."

"Kwani hakukuambia?"

"Alikuwa anataka kuniambia," alisema Ezell kwa sauti ndogo.

Jumamosi asubuhi alipanda botini na rili imevishwa soksi. Hosea, mwenye miwani mpya iliyofungwa kamba kisogoni, aliizima injini mbele ya mayungiyungi, akavua kofia na kusali kama kawaida yao. Alipomaliza pakawa kimya. Akafumbua jicho moja.

"Mbona huitikii?"

"Amina," alisema Ezell, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye soksi.

"Unaumwa wewe?"

Ezell akaivua soksi. Hosea aliisogelea rili, akaishusha miwani mpaka ncha ya pua.

"Ezell. Mkono wa hicho kitu uko upande gani?"

"Upande aliouchagua Bwana."

"Bwana, au Mama Wynona?"

"Paka."

Hosea alicheka mpaka boti ikayumba. Alikuwa bado anafuta machozi Ezell aliporusha. Chura alitua vizuri, katikati ya majani, karibu na kisiki. Na mikono ya Ezell, ambayo haikuwa imesikia habari zozote za paka, ikafanya ilivyofanya miaka yote: fimbo ikahamia kushoto, mkono wa kulia ukaenda kutafuta pa kuzungusha, ukakosa, ukapapasa, ukarudi.

Hapo majani yakapasuka.

Ezell alitaka kuvuta. Moyo wake ulishavuta. Lakini fimbo ilikuwa safarini kati ya mkono na mkono, kitako chake kimemkaa tumboni, na hapakuwa na mkono wowote wa kuvutia. Mpaka wa kulia uliposhika fimbo na wa kushoto ukakiona kile kishikio, mshipi ulikuwa umeshazama na unakwenda pembeni taratibu, na kwenye vidole vyake palikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukisikia vizuri: uzito.

Ndipo akavuta.

"Mtoe!" alipiga kelele Hosea. "Usimwache ageuke! Zungusha, mzee, zungusha!"

Ezell alizungusha kwa mkono wa kushoto kama mtu anayesaga mahindi gizani. Rili haikuachia hata uzi. Kilichofika kwenye boti kilifanana na mzigo wa nyasi. Hosea aliudaka kwa wavu, akapiga magoti, akaanza kufukua kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba wa mkewe.

"Yumo?" Ezell alichungulia juu ya bega lake. "Hosea, yumo?"

"Ngoja. Ngoja. Yumo!" Akamwinua besi, mnene kama mtoto wa mchungaji. "Haleluya! Ezell, umengoja! Kwa macho yangu nimekuona umengoja!"

Ezell angeweza kunyamaza. "Sikungoja," alisema. "Nilikuwa natafuta mkono."

Hosea alimshusha samaki, aliyekuwa akidondosha maji kwenye viatu vyake.

"Basi sikiliza. Kiti ni chako. Lakini nakuomba, usiizoee hiyo rili. Siku utakayoizoea namwita Marcellus."

Akarudi mbele akiwa bado anacheka, akarusha chura wake bila kuangalia. Kishindo kikalia, Hosea akastuka, akavuta. Chura akapaa na kunasa kwenye mti.

Ezell akaweka fimbo yake chini.

"Hosea," alisema Ezell. "Ulifika wapi?"

"Wapi nini?"

"Kwenye Baba Yetu."

Jioni, akimpara samaki uani, Ezell alishukuru. Hakuwa na hakika ni sala ipi iliyojibiwa, yake ya rili au ile ya subira ambayo Verdine alikiri, bila kuulizwa, kwamba alimwombea wiki nzima. Aliamua kushukuru kwa zote mbili, na safari hii hakuharakisha kufika mwisho.

Jumatatu Mama Wynona alifungua duka, akamkuta Hosea Pettway anamsubiri mlangoni na kopo la dagaa wa mafuta.

"Nataka rili ya chura," alisema Hosea, akitazama sakafuni. "Jaji yupo?"

"Yupo. Amelala."

Hosea aliingia, akatazama nyuma kuhakikisha Linwood bado hajafika. Kisha, polepole, kwa kidole kimoja, akasogeza boksi moja kwenye jua.