Paa Waliponililia Mimi

Asubuhi ya mtihani wake wa kuongoza wageni mbugani, mjukuu wangu Phagni aliniambia, "Bibi, leo usije."

Nikamwambia naenda kuokota maua ya mahua, na mti wetu, ule aliouchanja babu yake alama ya shoka, uko palepale njia ya magari inapopinda. Nifanyeje, niuhamishe?

Hakuna binti wa kijiji chetu aliyewahi kuvaa sare ya waongozaji. Na mama yake alikwisha sema: ukishindwa, unaolewa, hakuna mtihani wa pili.

Basi nilifagia chini ya mti, nikaanza kuokota. Maua yalikuwa manene, yananata vidoleni, yananukia kama pombe changa. Kikapu kilikuwa karibu kujaa niliposikia gari. Nikakiacha, nikajitia kichakani. Nilikuwa mbali, sisikii vizuri, kwa hiyo nikalala kifudifudi nikatambaa kwenye majani makavu ya miti ya msali.

Paa wa madoa waliokuwa wakila maua wakainua shingo. Mmoja akapiga kwato chini, wakaanza kulia wote.

"Mnasikia nini?" akauliza Bwana Dhurve, mkuu wa waongozaji, gari liliposimama.

Bisahu, kijana wa kijiji cha pili aliyekuwa akitahiniwa pia, hakungoja. "Chui milia, mkubwa. Yuko kichaka kile. Dereva awashe gari."

Nikamwona Phagni anatazama juu mitini, si chini.

"Kima wanakula," akasema. "Chui milia akiwepo, kima ndio wa kwanza kupiga kelele, na hakuna anayeshuka. Yule pale anashuka."

"Sasa paa wanalia nini?"

"Wameona kitu kinatambaa, hawakijui. Lakini kima wanakijua." Akavuta pumzi. "Samahani sana, Bwana Dhurve. Nadhani ni bibi yangu."

Nikajibana kichakani. Aibu aliyonayo mtoto inamtosha, nikasema moyoni, nisimwongezee. Lakini yule kima alifika kwenye kikapu changu, akaketi kama mwenye nyumba, akajaza shavu moja, akajaza la pili.

"We mwizi, toka hapo," nikasema, nikainuka na majani kichwani.

Bisahu nusura aanguke garini. Bwana Dhurve alivua miwani akaifuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mama, huyu chui wetu ana meno mangapi?"

"Mawili, mwanangu. Nayo hayakutani."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, kwa muda mrefu. Phagni hakunitazama hata kidogo.

Jioni alirudi na sare mkononi, ya kijani, imemzidi mikono kwa vidole vinne. Nilikaa mlangoni kwenye mwanga nikaipunguza, mshono mdogo mdogo usionekane. Akasimama nyuma yangu akaangalia.

"Bibi, kesho ukija, tembea wima."