Brashi ya Katani

Mota niliisuka mimi. Naliweka hilo mbele kabisa, maana ukipita Kihonda leo ukauliza nani aliifufua mashine ya kusugulia sakafu ya Bi Juliana, watakutajia Filomena.

Ililetwa karakanani kwetu kwa guta, mtumba wa Ulaya, mota imeungua na brashi imeisha hadi kwenye ubao. Bi Juliana ana ukumbi wa harusi mjini na alitaka sakafu yake ing'ae. Mzee Abdulatif, mwenye karakana, alitugawia kazi: mimi mota, Filomena yaliyobaki. Wote wawili tulijua anachopima. Mzee alikuwa anarudi kwao Matombo kulima, na karakana angemwachia mmoja wetu aiendeshe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne pale. Filomena alikuwa na miwili.

Nilikaa na ile mota siku tano. Nilisuka koili moja baada ya nyingine, nikapaka vanishi, nikaianika. Ilipowashwa ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mzee akasema, "Vizuri," akaendelea na chai yake.

Brashi haikupatikana Morogoro nzima. Sasa Filomena amekulia kambi ya mkonge upande wa Kilosa. Akatoboa upya matundu kwenye ule ubao, akaingiza mafungu ya katani, akayabana kwa waya, kisha akayakata sawasawa kwa mkasi. Siku hiyo mtaa mzima ulihamia kwetu, kuanzia mchomeleaji hadi mama ntilie. "Huyu dada ni fundi hasa!" Mzee mwenyewe aliinama, akaipapasa ile katani, akacheka meno yote nje. Miaka kumi na minne sijawahi kumwona akiichekea hivyo kazi yangu. Niliona wivu.

Brashi ya mashine hii haifungwi kwa skrubu. Unaipachika kwa chini na kuizungusha kidogo, nayo mota inavyozunguka ndivyo inavyozidi kuikaza. Mota ikizunguka kinyume, brashi inajifungua na kutoka. Asubuhi ya majaribio, kabla wenzangu hawajafika karakanani, nilifungua kifuniko cha mota, nikabadilisha nafasi za waya mbili, nikazifunga kwa uzi. Nilitaka katani ya Filomena imwaibishe mbele za watu.

Na ilimwaibisha. Bi Juliana alipoiwasha tu ukumbini kwake, brashi ilichomoka, ikateleza hadi chini ya viti vya maharusi. "Jamani, imekufa tena?" akauliza. Nilijiinamia ili wasione furaha yangu.

Filomena hakuiendea brashi. Aliilaza mashine, akaiwasha kidogo, akaitazama. "Inazunguka kinyume," alisema.

Furaha yote ikaniishia. Mota ilikuwa kazi yangu, na kitanzi nilikuwa nimejitia mwenyewe.

Akafungua kifuniko. Akaziona zile waya, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa kifundo changu, ambacho hakuna mwingine Kihonda anayekifunga. Mtu aliyekosea kwa haraka hafungi hivyo. Aliinua macho akanitazama, nami nikajua amejua.

"Kuna nini huko?" Mzee aliuliza.

"Ni mimi, mzee," alisema Filomena. "Nilifungua kutoa vumbi, nikarudisha waya vibaya. Kaka Nasibu aliziacha sawa. Naomba mnisamehe."

Mzee akasonya. "Mota haichezewi, binti."

Filomena alizirudisha waya mahali pake, akaipachika brashi, na sakafu ya Bi Juliana ikang'aa ukajiona sura. Lakini Mzee alikuwa ameshaamua. Jioni ile aliniambia karakana nitaiendesha mimi, maana Filomena bado hajatulia.

Nilimkuta nje akikusanya vifaa vyake. Nikamuuliza kwa nini alisema uongo. Nilimuuliza kwa ukali, kama aliyekosewa ni mimi.

"Mimi nitapata kazi popote, kaka," alisema, bila hasira hata kidogo. "Wewe ungekwenda wapi?"

Sasa ana karakana yake karibu na stendi. Mimi ninaiendesha ya Mzee, na kila siku namwonea wivu kuliko zamani.