Maiti za Seva

Ofisini walimwita Fundi, na hakuna aliyethubutu kugusa seva yake bila ruhusa. Seva hiyo, kompyuta kuu ya ofisi, ilipokea maombi ya gari la wagonjwa: mtu anabonyeza kitufe kwenye simu, gari linatoka. Fundi ndiye aliyeipanga programu yake kwamba kila ikianguka, yaani ikizimika ghafla, kabla ya kujiinua tena, ihifadhi yenyewe kila ilichokuwa nacho kichwani dakika ile. Mafaili hayo wenzake waliyaita maiti, wakacheka. Kuyafungua, hakuna aliyeyafungua. Programu ilikuwa ikijiinua, na watu wana uvivu wao.

"Diski imejaa," mkuu wa kitengo alimwambia adhuhuri moja. "Zika maiti zako."

Alikuwa ameshazichagua azifute alipoona tarehe. Maiti tano za siku moja, siku aliyofariki baba yake.

Siku ile aliyekuwa nyumbani na mzee ni mdogo wake wa mwisho, Kitinda. Aliapa kwamba aliomba gari, halikuja. "Ulikuwa unachezea simu, baba yako anakata roho," mama alimwambia mbele ya waombolezaji, na tangu hapo hakumfungulia mlango. Fundi naye, dada mtu, tusimfiche, alikuwa upande wa mama. Miezi minne hakupokea simu ya mdogo wake.

Akafungua ya kwanza. Namba ya Kitinda ilikuwa humo. Ya pili, namba ile ile, dakika moja baadaye. Ya tatu. Ya nne. Katika ya tano Kitinda alikuwa ameongeza maneno: bado anapumua. Humo ndani ya faili, baba yake alikuwa bado anapumua.

Akatafuta kilichoiangusha programu. Yalikuwa maelezo ya kufika nyumbani: geti la bluu, si lile la kijani, mbwa hang'ati, pigeni honi sana, mzee hasikii vizuri, na mengine mengi. Nafasi iliyotengwa ilikuwa ya herufi mia mbili, na haya yalipita mia tatu. Aliyeyaandika ni yeye, siku alipoisajili nyumba ya mzee. Fomu iliyakataa kwa urefu, akayaingiza kwa nguvu moja kwa moja kwenye seva, kwani si seva yake? Kila Kitinda alipobonyeza, maelezo yale yaliiangusha, na ombi likapotea.

Akampigia simu mdogo wake.

"Dada?" Kitinda aliitikia, kama asiyeamini.

"Uliomba gari. Nimeona, mdogo wangu. Ni mimi niliyelizuia." Akamweleza yote, akilia bila kujificha. "Leo leo naenda kumwambia mama."



"Usiende," Kitinda alisema. "Mama keshazoea kunichukia mimi. Akikuchukia na wewe, atabaki na nani?"

Fundi alitaka kubisha. Badala yake alihisi nafuu ikimshuka kifuani, na nafuu hiyo ikamtisha. Kwenye simu, mdogo wake alikuwa bado anasubiri jibu.