Safari ya Masoko Aliyoipanga Isakwisa

Kuna watu wakipanga safari, wanasafiri. Isakwisa hakuwa mmoja wao. Safari yake moja aliipanga miaka na miaka. Aliipanga msimu wa mahindi mabichi, akaipanga kwenye baridi ya Juni, akaipanga huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, mpaka mkewe Devota akawa anaijua kama anavyoijua Salamu Maria. Alfajiri tunatoka hapa Uyole na gari la kuazima. Tunaliacha Isongole, tunapanda msitu wa Ngosi mpaka juu, tunalichungulia ziwa lililolala ndani ya shimo la volkano. Jioni tunapita Tukuyu, tunateremka hadi Masoko, tunapiga hema kando ya ziwa Kisiba. Asubuhi tunaoga, tunachoma ndizi, tunarudi nyumbani.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa jiografia ukimpa nafasi atakueleza volkano mpaka chai ipoe. Hema alishalinunua, la mtumba, kwa Jaha pale sokoni Mwanjelwa. Likakaa uvunguni mwa kitanda likinusa vumbi.

Kilichoizuia safari hakikuwa mvua wala nauli. Isakwisa alitaka kwenda na watu wawili, mkewe na baba yake, na watu hao wawili walikuwa hawatazamani usoni.

Msidhani waligombana. Mzee Sedekia hakuwahi kumsema vibaya mkwe wake hata siku moja, naye Devota alimpikia mzee yule kwa moyo kuliko alivyojipikia mwenyewe. Ilikuwa mila tu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, hataji jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Siku hizi wengi wameilegeza, utawakuta wakwe wamekaa benchi moja kanisani wakishirikiana kitabu cha nyimbo. Lakini Devota alikuwa Mhehe wa Ilula, binti wa mama muuza nyanya pembeni ya barabara kuu, na alikuja ugenini akiwa na hofu moja, kwamba watasema hakufundwa. Mgeni akishika mila ya watu huishika kwa mikono miwili. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alimfundisha wiki ya kwanza, na Devota akaishika hivyo hivyo mpaka mama mkwe mwenyewe akafa akaiacha.

Basi nyumba ile ikaendeshwa kwa kikohozi. Mzee akirudi, anakohoa getini, kho, kho, na Devota anajitupia khanga kichwani na kuingia jikoni. Chakula kinapelekwa na Lea, dada yake Isakwisa. Ujumbe unapelekwa na Lea. Hata pole ya mafua ilipelekwa na Lea, naye akilalamika kwamba atazeeka kabla ya wakati kwa kutembea kutoka jikoni hadi barazani.

Mwaka jana Isakwisa akaugua. Hakuugua sana, au ndivyo walivyodhani, na kabla hawajazoea kwamba ni mgonjwa akawa marehemu. Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Mwaka ukapita, misa ikasomwa Ilula, ibada ikafanywa Uyole, na kaka yake Devota, Marcelino, akapiga simu.

"Jumapili nakuja kukuchukua, dada. Umekaa, umelia, inatosha. Mama naye anazeeka, nyanya zinamwozea."

Devota alikubali. Lakini alipokata simu aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta hema kutoka uvunguni. Alikuwa na jambo moja la kufanya kabla ya Jumapili. Ataifanya safari ya mumewe, hata kama mwenyewe hayupo. Na moyoni, ambako hakuna mila inayofika, alitaka mzee naye aende. Mzee Sedekia alizaliwa Masoko. Mama yake alizikwa kule, na macho yake sasa yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Isakwisa alikuwa akisema, "Baba alione Kisiba kabla giza halijamfikia."

Kilichomla Devota mwaka mzima ni kwamba aliyeikwamisha safari ni yeye. Aliikumbuka siku ile kama jana. Isakwisa alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, anatabasamu.

"Nimeamua. Tutakwenda na baba."

"Gari moja na baba yako? Nile mbele yake? Nilale wapi?" Devota alipandisha sauti. "Wewe unataka aone nimemdharau. Unataka waseme Mhehe hana adabu."

Isakwisa alimtazama kidogo, kisha akasema, "Haya, tutaona." Akaendelea kuona na kuona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hii iliumiza zaidi ya matumbo.

Tena walikuwa wamegombana siku za mwisho, jambo dogo la aibu. Kitenge chake cha kijani, chenye picha za ndege kanga, kilipotea kambani. Devota alimuuliza mumewe, naye akacheka tu. "Kipo safarini." Alimnunia siku mbili kwa jibu lile. Siku mbili! Angejua zilizobaki ni chache kiasi gani, asingepoteza hata moja.

Jumatano mchana, jua likiwa limetoka vizuri, alimwita Lea jikoni.

"Wifi, niombee ruhusa kwa baba. Nataka kwenda Masoko kabla kaka hajaja. Mwambie…" Akaendelea kusugua sufuria. "Mwambie kama akipenda naye aende. Nitakaa nyuma kabisa ya gari. Hataniona."

Mzee Sedekia alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, mgongo kaupa jiko. Kutoka kwenye kiti kile hadi mlango wa jiko si mbali, mtu akinong'ona sana ndiyo hasikiki. Lakini Lea alikwenda, akainama, akasema yote upya kama vile mzee alikuwa Tunduma.

Mzee alishika ukingo wa kofia yake. Kisha akasema, "Mwambie aende. Na mwambie anisamehe. Mimi ndiye niliyemzuia mume wake."

Lea akarudi. "Anasema…"

"Nimesikia," alisema Devota. Mikono ilikuwa imelowa povu la sabuni, akaiacha ikining'inia. "Muulize alimzuiaje. Aliyemzuia ni mimi."

Lea akaenda tena. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini.

"Isakwisa alinijia hapa hapa," alisema, na sasa hakujisumbua kushusha sauti. "Akaniambia, baba, twende Masoko, mimi na wewe na mke wangu. Nilitamani, Lea. Nilitamani mno. Lakini nikamfikiria mtoto wa watu. Nikienda mimi, yeye atakula saa ngapi? Atapita wapi? Safari yote atakuwa amejifunika kama mgonjwa. Nikasema hapana, nendeni wenyewe. Hakubishana. Akasema, haya, tutaona."

Lea alibaki kasimama katikati ya ua. Hakuwa na haja ya kurudi jikoni na ujumbe, kwa sababu huko jikoni Devota alikuwa amekaa chini sakafuni, kwenye maji machafu, ameziba mdomo kwa khanga.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikataa kwa ajili ya mwenzake. Naye Isakwisa, kwa sababu alikuwa mtu wa kuficha kinachoumiza, hakumwambia huyu neno la yule, wala yule neno la huyu. Alilibeba peke yake, akawaacha kila mmoja akijilaumu kwenye kona yake. Hasira zilimpanda Devota, akamkasirikia marehemu. Kwa nini hukusema, Isakwisa? Ungetukalisha ukatugombeza wote wawili, ungepungukiwa nini? Marehemu hajibu, hiyo ndiyo faida aliyo nayo juu yetu.

Lea ndiye aliyewainua. "Basi kama safari ipo, tuanze na hilo hema. Liko miaka yote uvunguni, panya watakuwa wamelifanya nyumba."

Walilitoa uani, Lea na Devota. Mzee aligeuza kiti chake, akatazama ukutani ili mkwe afanye kazi bila taabu. Walikunjua turubai, wakachomeka vyuma, wakavuta kamba. Hema likasimama, kubwa kuliko walivyodhani. Lea akazunguka kutafuta matundu, na alipofika nyuma akaita.

"Wifi, hebu njoo. Hili hema lina milango miwili?"

Lilikuwa na milango miwili. Ule wa mbele ndio liliozaliwa nao kiwandani. Wa nyuma ulikatwa na mkono wa mtu, ukashonewa zipu mpya nyeusi, mshono mnene wa kurudia rudia, na Lea akautambua. "Huu ni mkono wa Nusrat, fundi wa Mwanjelwa. Ndiye anayeshona hivi."

Devota aliinama, akafungua zipu, akaingiza kichwa. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijani.

Kitenge chake kilikuwa pale. Kilikuwa kimekatwa vipande viwili, vikashonewa dari hadi chini, pazia moja upande huu na pazia moja upande ule. Kanga wale wa madoadoa walikuwa wamejipanga juu yake kama alivyowaacha kambani. Hema lilikuwa limegawanywa vyumba vitatu. Cha nyuma kina mlango wake, cha mbele kina mlango wake, ili atakayelala nyuma asipite kamwe mbele ya atakayelala mbele. Na katikati ya mapazia mawili palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, mwembamba, anayeweza kunyoosha mkono kulia akamgusa mkewe, na kushoto akamgusa baba yake.

Hakuwa amesubiri mmoja wao abadilike. Alikuwa amekubali wote wawili jinsi walivyo, akawatafutia njia, akaenda kwa fundi na kitenge cha kuiba. Kipo safarini, alisema, na hakudanganya.

"Kuna nini huko?" mzee aliuliza ukuta.

Lea alijaribu kumweleza. Alianza na zipu, akaja pazia la kwanza, akamalizia na la pili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitaka.

"Na katikati atalala nani?"

Mbeya nayo haina subira na watu wenye majonzi. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani bila kuaga, upepo ukapiga, na matone makubwa yakaanza kudondoka. Lea akakumbuka nguo zilizoanikwa nyuma ya nyumba, sare za watoto wa jirani aliowafulia, akakimbia.

Devota akang'oa vyuma haraka. Turubai likajaa upepo, likamvuta. Akishika upande huu, ule unaruka. Akiukanyaga ule, huu unampiga usoni. Hema kubwa halikunjwi na mtu mmoja, kila aliyewahi kufua shuka la vitanda viwili analijua hilo. Alikuwa karibu kuliachia liende zake na mvua, liende nalo Masoko likitaka, ndipo upande wa pili ukatulia.

Hakusikia kikohozi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakusikia kikohozi.

Alishusha macho upesi, akaona miguu ya mzee kwenye ndala za bluu, imelowa. Angeweza kukimbilia jikoni. Lakini angekimbia, hema lingeondoka, na mapazia pamoja nalo. Akabaki. Mzee akarudi nyuma hatua, turubai likanyooka kati yao. Wakakunja mara moja. Sasa kukunja kitu kirefu kuna sheria yake, kwamba baada ya kunyoosha lazima mmoja amwendee mwenzake, pembe zikutane. Mzee ndiye aliyekuja. Alimwendea taratibu, macho yake yenye ukungu yakitafuta njia, mpaka pembe zikafika kwa pembe na vidole vyake vikagusa vidole vya mkwe wake.

Devota aliitazama mikono ile. Hakuwahi kuiona kwa karibu. Kidole gumba kilikuwa kifupi, kipana, kimepinda kidogo kuelekea ndani, na ukucha wake mraba. Kilikuwa kidole cha Isakwisa. Mikono yote miwili ilikuwa ya Isakwisa, imezeeka tu kama ambavyo ya mwenyewe haitazeeka. Miaka yote ile ilikuwa inazunguka ndani ya nyumba hii hii, ikishika bakuli alizopakua yeye, na yeye anakimbilia jikoni asiione. Kilio kilimtoka kwa sauti, kilio cha msibani, mwaka mzima baada ya msiba.

Mzee hakumwachia. Mvua ilikuwa inamchuruzika kwenye nyusi.

"Kamwene, mwanangu," alisema. Salamu ya Kihehe. Sijui alijifunza lini, wala nani alimfundisha.

Devota aliinua uso, akamjibu kwa Kinyakyusa. "Mugonile, tata."

"Ijumaa tutakwenda," alisema mzee, naye anaongea na yeye, si na ukuta, si na Lea. "Mimi nitalala mbele, wewe nyuma. Katikati alale Lea. Tukipaacha wazi tutakuwa tunamsikiliza usiku kucha."

"Ndiyo, tata."

Walijaribu kuliingiza hema mfukoni, likagoma, maana walikuwa wamekunja vibaya na maji yameshaliingia. Mzee akarudi nyuma tena, na pembe zake mbili mkononi. Wakaanza upya.