Ngojakwanza

Bibi yangu ana hasira na mtu wa ramani tangu mama yangu alipokuwa mtoto wa mgongoni. Mpimaji huyo alitokea msituni akifuata reli, akamuuliza hapa panaitwaje. Bibi, mzigo wa kuni kichwani, akamjibu, "Ngoja kwanza!"

Jamaa hakungoja. Aliandika, akashukuru, akaenda zake. Mpaka leo, kwenye ramani, shamba letu linaitwa Ngojakwanza.

Sasa reli iliyokufa inafufuliwa, na mimi ndiye ninayechora ramani mpya. Nilimtandazia bibi ile ya zamani mezani: vilima, msitu wa kijani, reli nyeusi, na lile jina.

"Lifute, mjukuu wangu. Nimechekwa vya kutosha."

"Nitalifuta, bibi. Ila wakubwa wameamua treni isimame penye majina ya ramani hii ya zamani tu; jina jipya halikubaliwi. Penye msitu mtupu itapita."

Bibi akatazama nje, kwenye mahindi tunayoyabeba kichwani kila mavuno hadi barabara kuu.

"Basi liache," akasema. "Tena liandike kwa herufi kubwa. Safari hii wataningoja."